Fundi Saa na Silinda Tatu

Mume wangu akirudi nyumbani namsikia kabla hajafika kona ya mashine ya kusaga. Si mimi tu, mtaa mzima unamsikia. Mbwa wa jirani anajichimbia chini ya ngazi, vikombe kabatini vinagongana, na mimi nabandika birika, maana mpaka aizime injini, aifute vumbi na kuifunika shuka lake, maji yanakuwa yamechemka. Kwa miaka thelathini na miwili nimeilaani sauti ile. Siku hizi nikiisikia nashusha pumzi, tena ya kweli, mpaka mabega yanashuka nayo. Nitaeleza kwa nini.

Watu wakiambiwa mwenye pikipiki ile ni fundi saa, wanadhani wanataniwa. Ni mtu mpole hadi anaudhi. Duka lake limebanwa kati ya duka la dawa na kibanda cha fotokopi, na akinyoosha mikono anagusa ukuta huku na huku. Anashinda humo na kioo kidogo cha kukuzia amekibana jichoni, kibano mkononi, akipanga magurudumu madogo ambayo mimi nikipiga chafya tu hayaonekani tena. Akimaliza saa, haiangalii kwanza. Anaiweka kwenye sikio la kulia, anafumba macho, anatulia. La kushoto liliharibiwa na homa utotoni, halina kazi. Sikio la kulia ndilo lililotulisha na kumsomesha binti yetu.

Jioni mtu huyohuyo anapanda kile kitu.

Ni pikipiki ya zamani, ya enzi zile sisi tukisoma shule ya msingi, wakati viwanda vilikuwa vinashindana nani atakwenda kasi zaidi bila kujiuliza dereva atasimama vipi. Ina silinda tatu, kabureta tatu, mabomba matatu ya moshi. Inakunywa oili pamoja na petroli na inatema moshi wa buluu unaokaa kwenye mapazia siku mbili. Breki zake ni za kuombea dua. Kuiwasha unapiga kiki kwa mguu, na ikiamka vibaya kiki inakurudia ugokoni. Mume wangu aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi, imeegeshwa nje ya ofisi fulani. Akasimama kuitazama mpaka akachelewa shule na kuchapwa. Alipofika ishirini na minne akaipata, au tuseme akapata mifupa yake, magunia mawili na kasha moja la mbao. Akaiunganisha kwa miaka minne, skrubu moja moja.

Ana ugonjwa mmoja, nao ni wa wote wenye mapenzi ya vyuma vya zamani: kila kitu lazima kiwe orijino. Kilichotoka kiwandani na pikipiki hakitupwi hata kikifa. Kwetu breki zilizokwisha zinazuia mlango usijifunge. Mnyororo wa zamani umening'iniza chungu cha maua. Nati zilizoliwa ziko kwenye chupa ya jamu, na chupa iko sebuleni, kama pambo. Sponji ya kiti ilipoanza kumomonyoka, fundi makochi akatia mpya, na ile mbovu mzee wangu akairudisha nyumbani, akaikata vipande vya kuziba masikio akiwa barabarani, akavipanga viwili viwili ndani ya mkebe wa dawa ya viatu. "Haijapotea hata chembe," aliniambia, uso umemng'aa. Mimi pikipiki ile naiita mke mwenzangu, na mke mwenza mwenye mali nyingi kiasi hicho ndani ya nyumba hajawahi kutokea.

Nilimuuliza mara moja, tukiwa bado vijana, anaona nini hasa kwenye kitu kinachotaka kumuua. Si mtu wa maneno mengi. Alifikiri mpaka chai ikapoa.

"Dukani nabana pumzi mchana kutwa," akasema. "Nikipumua vibaya tu, gurudumu limeruka. Ile nikiipanda, napumua kwa mdomo." Kisha akaongeza, "Na pikipiki za sasa zinakufikiria wewe dereva. Hii haikufikirii hata kidogo. Lazima wewe uifikirie, kila mita, ama ikuache chini."

Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu anayetafuta kaburi. Lakini nilielewa, na hapa niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Kabla ya kuoana alinipakia mara moja. Tulikwenda nayo polepole kupita karakana ya matofali, nikawaza mbona ni ya kawaida tu. Tulipoingia barabara ndefu iliyonyooka, akaongeza moto kidogo. Ikanguruma, hamna kitu. Akaongeza tena, na ghafla silinda zote tatu zikaitika kwa pamoja, mikono yangu ikavutika, kiatu kikanitoka, miti ikawa ukuta. Nilipiga ukelele ambao hata mama yangu hajawahi kuusikia. Niliposhuka nilimnunia wiki nzima na kuapa sipandi tena. Yeye akadhani ni woga. Woga ulikuwepo, sikatai, lakini ukelele ule ulikuwa wa raha. Niliona aibu kumwambia mwanamume aliyeniposa kwamba nataka turudie. Miaka ikapita, nikazoea kulalamika, na kulalamika kukawa ndiyo kazi yangu.

Sasa tuingie kwenye mkasa. Mwaka huu mume wangu alitimiza miaka sitini. Sitini kwake si umri wa kukatia keki. Baba yake, naye fundi saa, masikio yalimziba akiwa na sitini kamili, akafunga duka, akakaa kitini miaka tisa akitazama midomo ya watu. Wifi yangu akapiga simu kumpongeza kaka yake, na kabla ya kukata akauliza, "Masikio yapo?" Wifi yangu ndivyo alivyo, anakupa zawadi na mwiba ndani.

Jumapili ile mzee akasherehekea kwa kwenda mbali na pikipiki, akarudi mchana uso mwekundu wa vumbi na furaha. Jumatatu asubuhi akaniambia injini ina kitu. "Silinda moja imenyamaza." Sikuisikia tofauti yoyote, lakini nani ananiuliza? Jioni akatoa bisibisi na ule mpira wake. Ana kipande cha mpira wa maji, ncha moja anaweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Kila kabureta ina mluzi wake, na miluzi mitatu ikilingana, injini imetulia. Safari hii akasikiliza, akakunja uso, akageuza skrubu. Akasikiliza tena, akageuza tena. Wiki nzima. Na pikipiki, ambayo haikuwa na kosa lolote, ikaanza kuumwa kweli, inakohoa, inazimika, inatoa moshi mpaka jirani akaanua nguo zake kwa hasira.

Kisha mkunga wa mtaani akarudisha saa yake. "Fundi, hii inachechemea," akasema. "Nimehesabia mapigo ya mtoto kwayo, nikadhani mtoto mgonjwa." Mume wangu akaiweka sikioni, akafumba macho. Mkunga anasema alikaa hivyo muda mrefu sana, halafu akaitoa sikioni akaiweka juu ya meza.

Jioni hiyo alikuja kwa miguu. Akakaa mezani, akaniambia, "Si injini. Ni mimi."

"Unasemaje?"

"Eeh?"

Nikarudia kwa sauti. Akanitazama midomo, vilevile kama baba mkwe alivyokuwa akitutazama.

Nilimsihi twende hospitali. Akasema haendi kusomewa hukumu anayoijua. Sikio lilikuwa zito, kama limejaa maji, na wifi alipoulizwa akasema baba naye alisema hivyohivyo. Basi, kesi ikaisha. Mzee akaamua mambo mawili. Duka atalifunga mwisho wa mwezi, kwa sababu fundi saa asiyesikia ni mwongo. Na pikipiki ataiuza mara moja. "Isiposikilizwa inakufa," akasema. "Bora ipate mtu mwenye masikio." Akampigia mpiga picha wa harusi wa mtaa wa pili, aliyekuwa akiililia miaka mingi, au tuseme mimi ndiye niliyepiga na kuongea kwa niaba yake. Wakapeana mikono siku hiyohiyo, Jumamosi aje aichukue.

Miaka thelathini na miwili nimesema uza hilo dude. Sasa linauzwa, na mimi nikaingia bafuni kulia. Nikafungua bomba asinisikie, halafu nikakumbuka, nikalifunga. Hapo ndipo nililia hasa.

Ijumaa alasiri akaitoa uani. Alisema haiuzwi ikiwa mgonjwa, atailinganisha kwanza. Akaiwasha kwa kiki ya tatu, akapiga magoti na mpira wake sikioni, na nikamwona kutoka dirisha la jikoni akigusa skrubu bila kuigeuza, kisha akiinuka, kisha akipiga magoti tena. Sikuweza kuvumilia. Nikatoka na ndoo, nikaigeuza, nikaikalia karibu na mabomba.

"Ya katikati," nikamwambia. "Inachelewa."

Hakusikia. Nikanyoosha vidole viwili, nikamwonyesha kwa mkono kwamba inaburuta mguu. Akanitazama kama nimeota pembe. Lakini akageuza, na ya katikati ikapanda.

"Zaidi. Basi, basi! Imepita."

Nani alinifundisha? Hakuna. Miaka yote ile nikiwa jikoni nikimlaani mke mwenza, masikio yangu yalikuwa yakisoma bila kuniomba ruhusa. Nilijua ya kwanza ina sauti kavu, ya tatu inalialia kidogo ikiwa baridi. Nilinyoosha kidole kimoja, viwili, vitatu, yeye akageuza, na baada ya saa nzima miguno mitatu ikawa mguno mmoja uliotulia, hata maji ndani ya beseni la vyombo yakaacha kutetemeka. Mzee akaweka kiganja kwenye tangi, akahisi, akatabasamu kwa mara ya kwanza katika wiki tatu. Mimi nilitamani kuupiga teke ule mkono unaokuja kesho kuichukua.

Mpiga picha akafika Jumamosi saa tatu asubuhi na helmeti yake kwapani. Ni mtu mnene, mchangamfu, ana sauti ya kuita ukoo mzima usogee kwenye picha. Lakini mbele ya pikipiki ile sauti ilipungua. Akaizunguka mara mbili, akachuchumaa, akaanza kuulizia kila kiungo. Mume wangu alisimama kando, mikono mfukoni, kama mtu aliyesindikiza msafiri na sasa anangoja gari liondoke. Mimi ndiye niliyejibu.

"Tangi, shemeji?"

"Orijino."

"Mabomba?"

"Orijino yote matatu. Nayachukia tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nayajua."

"Kiti?"

"Ngozi ni ileile. Sponji ndiyo mpya."

Uso ukamshuka. "Lo! Ile ya zamani mlitupa?"

"Kutupa? Humjui huyu. Aliikatakata akaiweka kwenye mkebe, ndiyo anayozibia masi..."

Sikumaliza. Sponji ya miaka hamsini, iliyokuwa ikimomonyoka kwa kuiangalia tu, na mume wangu anaisokomeza kwenye sikio lake zima. Nikamwacha mpiga picha mdomo wazi, nikakimbilia ndani, nikafungua mkebe wa dawa ya viatu. Vipande vilikuwa vimepangwa viwili viwili, pacha na pacha mwenzake. Pacha wa juu kabisa, mmoja alikuwa mzima. Mwenzake alikuwa nusu, na mwisho wake umechanika.

Nilitoka mbio nikamkamata mzee kichwa mbele ya mgeni.

"Kuna nini?" akasema. "Nina chawa?"

Nikampora kioo chake cha kukuzia kutoka mfuko wa shati, nikakibana jichoni kama nilivyomwona akifanya maelfu ya mara. Mpiga picha akamulika na tochi ya simu. Ndani kabisa, palepale njia inapokuwa nyembamba, kulikuwa na kitu cheusi ambacho Mungu hakukiumba na mume wangu.

"Kibano kipo," mpiga picha akasema. "Nivute?"

"Thubutu! Hilo ndilo sikio pekee tulilo nalo." Nikamtupia ufunguo. "Wewe zunguka na pikipiki ukitaka, usitugonge tu. Sisi tunakwenda zahanati."

Zahanati iko mwisho wa mtaa. Nilimburuta mkono kama mtoto aliyegoma shule, naye akiuliza njia nzima tunakwenda wapi, nami nikipayuka "Kiti! Kiti!" mbele za watu. Nesi wa zamu, mama mwenye miwani ya kamba, alimkalisha kwenye benchi, akamwelekeza dirishani, akatumbukiza kibano chembamba kirefu. Nilifumba macho. Nilikuwa nimeshajiandaa kuambiwa hamna kitu, ni mabaki ya nta, ni umri, poleni. Nikasikia nesi akiguna, kisha kitu kikaanguka kwenye sahani ya bati.

"Baba, hii ni nini?"

Mume wangu akakichukua, akakitazama kwa kioo chake, akakigeuza.

"Ni kiti," akasema. "Orijino."

"Nitupe?"

"Usitupe!" Halafu akashtuka, akamtazama nesi. "Mbona unapiga kelele?"

Nesi hakuwa anapiga kelele. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nikavuta kamasi kidogo tu, kiasi ambacho mtu aliye karibu angekidharau. Mzee akageuka.

"Unalia nini wewe?" akauliza.

Alinisikia. Nikamwambia ni mafua.

Nesi alimsomea kwa kirefu juu ya watu wazima wanaojitia takataka masikioni, akampa dawa ya matone, akasema sikio lenyewe ni zima kabisa. "La kijana," alisema. Nilimwomba arudie, nataka nimpelekee wifi yangu neno kwa neno. Tukatoka. Getini mzee akasimama akanishika mkono, kwa sababu kutoka upande wa mashine ya kusaga ilikuwa inakuja. Aliisikia kabla yangu. Akainamisha kichwa, akafumba macho kama akiwa dukani. Ikabadilisha gia, ikapanda, ikashika, ikatupita na moshi wake wa buluu, ikageuka mwisho wa barabara na kurudi.

"Nani kaipanga hivi?" akauliza polepole. "Haijawahi kulingana hivi. Hata mimi sijawahi kuifikisha hapo."

Nikageukia ukuta wa zahanati. Uso ulikuwa unawaka moto.

Mpiga picha akazima injini, akavua helmeti. Kicheko hakikumtoka usoni. Namjua mtu wa namna hiyo, nilikuwa mmoja wao kwa siku moja. Akamtazama mzee, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Fundi, unanisikia?"

"Nakusikia."

Mpiga picha alikuwa bado ameketi juu ya pikipiki, mikono kwenye usukani, na niliona inavyomwia vigumu.

"Nilikupa mkono," mume wangu akasema. "Neno langu ni neno. Ni yako."

Nikataka kumfinya. Mpiga picha akashuka, akakipapasa kiti mara moja, akaisimamisha pikipiki vizuri.

"Mimi nilikuja kununua pikipiki ya mtu asiyesikia," akasema. "Mtu huyo hayupo." Akanyoosha mkono. "Lete mkono wako, nikurudishie."

Wakashikana mikono, wakashindwa kuachana, wanaume wawili wazima mbele ya geti la zahanati, mpaka mgonjwa mmoja akaomba njia. Nilimkaribisha shemeji chai, akanywa vikombe vitatu, akaondoka kwa miguu na helmeti yake kwapani.

Hayo yamepita. Duka liko wazi, saa ya mkunga haichechemei, na mzee sasa anaziba masikio kwa vifaa vya duka la dawa jirani, vyenye kamba, nilivyomnunulia mimi. Anasikia kila kitu, hata ninapomnong'oneza dada yangu kwenye simu tukimsengenya wifi. Lile pande lililotoka sikioni liko sebuleni, ndani ya chupa ya jamu, pamoja na nati. Nimekubali.

Lakini kila Ijumaa akiitoa pikipiki uani, kabla hajashika bisibisi anachukua ndoo, anaigeuza, anaifuta kwa mkono wa shati na kuiweka karibu na mabomba. Kisha anakuja mlango wa jikoni na kuuliza kama nina nafasi. Nakaa, naonyesha kidole kimoja, viwili, vitatu, naye anageuza. Juzi nikataka kumpima. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa inachelewa, waziwazi, hata mbwa wa jirani angejua. Nikanyoosha vidole vitatu. Akanitazama. Sikio lake la kijana lilikuwa limesikia vizuri kabisa, nilimwona. Akageuza ya tatu.